Barua ya wazi kwa Mjomba aliyeshukia kwenye vinu vya upepo

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Baada ya salamu, nakujulisha kwamba kitabu ulichompa dada aniletee, riwaya ya Don Quixote ya Mhispania Miguel de Cervantes, kimefika salama, pamoja na tikiti ya basi la Tanga uliyoisahau ndani yake. Tikiti hiyo ndiyo iliyonikalisha kitako niandike barua hii. Niliikuta katika sura ya nane, pale Don Quixote, bwana aliyepata wazimu kwa kusoma vitabu vya mashujaa, anapovishambulia vinu vya upepo akidhani ni majitu, na kurasa zote zilizofuata zilikuwa bado zimegandamana kama za kitabu kinachotoka dukani. Pembeni umeandika kwa penseli, kwa mwandiko ule ule uliokuwa ukitusahihishia hesabu: “Kichaa na vinu. Miaka mia nne ya nini?”

Naomba radhi kwa kukujibu hadharani. Nimefanya hivyo kwa sababu swali hilo si lako peke yako, na nina dhana, Mungu anisamehe, kwamba hata wengi wa wanaokisifu kitabu hiki walishukia kituo hicho hicho, ila wao hawakuacha tikiti.

Vinu hivyo, Mjomba, havichukui hata kurasa tatu. Kitabu kina sura 126: sura 52 katika juzuu ya kwanza, iliyochapwa Madrid mwaka 1605, na sura 74 katika juzuu ya pili ya mwaka 1615. Zaidi ya hayo, safari ya kwanza ya bwana yule aliifanya peke yake, na Sancho Panza, mkulima jirani yake aliyekubali kuwa mtumishi wake kwa ahadi ya kupewa kisiwa, anaingia katika sura ya saba tu. Walipoviona vinu walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuzoeana. Ulifunga kitabu wakati mtu wa pili amekwishapanda punda wake lakini hajapata nafasi ya kusema, na kitabu hiki kwa hakika ni mazungumzo ya watu wawili njiani.

Lakini hata katika kurasa ulizozisoma kuna jambo ambalo wewe, uliyefundisha hesabu miaka yote ile, nashangaa lilikupita. Rudi sura ya nne. Don Quixote anamkuta mvulana wa miaka kumi na mitano, Andrés, amefungwa kwenye mti, na tajiri wake anamchapa kwa mkanda kwa sababu kondoo wanapotea. Mvulana anadai mshahara wa miezi tisa, kila mwezi sarafu saba za reale. Bwana wetu anapiga hesabu kichwani na kutamka kwamba jumla ni 73. Ndivyo ilivyo katika chapa ya kwanza. Baadaye wako waliosahihisha wakaweka 63, na wako walioliacha kosa kwa hoja kwamba ni la Don Quixote mwenyewe, wala si la mpiga chapa. Tazama mfasiri wako alikuwa upande gani. Tajiri anaapa kwamba atalipa, Don Quixote anamwamini kwa kuwa ameapa, kisha anaondoka akijipongeza kwa kuwa ametenda haki. Akishatokomea tu, mvulana anafungwa tena kwenye mti ule ule na kuchapwa hadi anakaribia kufa.

Nadhani hapo ulicheka. Hata mimi nilicheka, na mwandishi alitaka tucheke. Lakini yeye hasahau, wala hatuachii tusahau. Sura ishirini na saba baadaye, wakati sote tumekwisha kumtoa Andrés mawazoni, anatokea njiani. Don Quixote anafurahi na kumwita shahidi mbele ya wenzake, ili wote wasikie jinsi mashujaa wapanda farasi wanavyowafaa wanyonge. Mvulana anaeleza yaliyompata. Sancho anampa kipande cha mkate na jibini, na Andrés, kabla ya kutimua mbio, anamwomba yule bwana kwamba siku nyingine wakikutana, hata akimwona anakatwakatwa vipande, asimsaidie, amwachie balaa lake. Na kwaheri yake ni laana kwa mashujaa wote waliozaliwa duniani. Don Quixote anabaki amesimama kwa aibu, na wenzake wanajikaza wasicheke ili wasimzidishie fedheha. Sijui riwaya nyingine ambayo mzaha umekaa ukingoja namna hiyo mpaka ulipoiva na kuwa deni.

Sasa nikupeleke kwa Sancho, maana naamini ndiye utakayempenda. Hajui kusoma wala kuandika, lakini methali zinamtoka kama maji ya bomba lililopasuka, tatu au nne kwa mpigo, nyingine hazihusiani kabisa na jambo linalosemwa. Bwana wake anakereka, anamkemea, anamfundisha kwamba methali huwekwa mahali pake. Miezi inapita, wanalala nje pamoja, wanapigwa pamoja, na katika juzuu ya pili ni Sancho anayemgeukia bwana wake na kumwambia kwamba safari hii si yeye anayetunga methali kama shanga, bali zinamdondoka bwana mwenyewe mbili mbili. Hakuna aliyetutangazia kwamba watu hawa wamekuwa ndugu. Tumelisikia katika lugha yao tu, kama vile mke na mume waliokaa miaka mingi wanavyoishia kukohoa kwa sauti moja.

Ukiniuliza ni sura ipi moja tu ningekusomea kwa sauti barazani, ningekusomea ya kumi ya juzuu ya pili. Don Quixote anamtuma Sancho akamtafute Dulcinea, binti wa mfalme ambaye hayupo. Yupo msichana wa shamba aitwaye Aldonza Lorenzo, ambaye bwana alimpamba kwa mawazo. Sancho anakaa chini ya mti, anajihoji mwenyewe na kujijibu, anaona hakuna njia ila uongo. Wanapopita wasichana watatu wa kijijini juu ya punda, anapiga magoti na kumsifu mmoja wao kwa uzuri na lulu na hariri. Na Don Quixote, aliyeona majitu pale palipokuwa na vinu, safari hii anakodoa macho na kuona kile kilichopo: msichana mwenye uso wa duara na pua bapa, ananuka kitunguu saumu. Mtumishi mwenye akili timamu ndiye anayeona maono, na kichaa ndiye anayeona kweli, na anaumia kwa kuiona. Kisha, sura kadhaa mbele, bibi mmoja mwenye cheo anamshawishi Sancho kwamba yule msichana alikuwa Dulcinea kwelikweli, amerogwa tu, na Sancho anaingiwa na shaka juu ya uongo alioutunga yeye mwenyewe. Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini nikatembea chumbani.

Kisiwa pia anakipata. Bibi huyo na mumewe, mwinyi tajiri ambaye hana kazi ya maana, wanamfanya Sancho kuwa liwali kwa mzaha, ili wamcheke. Analetewa wazee wawili: mmoja anadai sarafu kumi za dhahabu alizokopesha, mwingine anasema alikwisha kulipa na yuko tayari kuapa. Kabla ya kuapa anamkabidhi mdai bakora yake amshikie, anaapa kwamba sarafu amezirudisha mkononi mwa mwenyewe, kisha anaichukua bakora yake. Sancho anainamisha kichwa, anaweka kidole puani, anafikiri, na anaamuru bakora ivunjwe. Sarafu zinamwagika. Wewe uliyetulea kwa visa vya Abunuwasi huna haja ya mtu wa kukueleza utamu wa hukumu hiyo. Siku chache baadaye liwali huyu anachoka na cheo, anakwenda zizini, anamkumbatia punda wake, na anaondoka akiomba shayiri kidogo ya punda na, kwa ajili yake mwenyewe, nusu jibini na nusu mkate. Waliokusudia kucheka wameishiwa maneno.

Aliyeandika haya hakuwa mtu wa maktaba. Miguel de Cervantes alizaliwa Alcalá de Henares mwaka 1547, akapigana na Waturuki katika vita vya baharini vya Lepanto mwaka 1571, na mkono wake wa kushoto ukaharibika huko. Mwaka 1575 maharamia walimkamata baharini wakampeleka Algiers, akakaa mateka miaka mitano, akajaribu kutoroka mara nne, hadi alipokombolewa kwa fedha mwaka 1580. Baadaye alizunguka vijijini akikusanya ngano na mafuta ya jeshi la majini la mfalme, kazi ambayo hakuna mwanakijiji anayemkaribishia chai mtu anayeifanya, na mwaka 1597 akafungwa jela mjini Seville kwa matatizo ya hesabu za serikali. Juzuu ya kwanza ilipotoka alikuwa na miaka 57.

Na hapa pana jambo litakalokuchekesha. Mtu huyu aliyekuwa mateka Algiers anadai kwamba kitabu si chake: eti kimeandikwa kwa Kiarabu na mwanahistoria aitwaye Cide Hamete Benengeli, na yeye aliyaokota makaratasi sokoni Toledo, akamtafuta mtu wa jamii ya Waislamu waliobatizwa amfasirie, kwa ujira wa arroba mbili za zabibu kavu na vipimo viwili vya ngano. Arroba hiyo, Mjomba, ni robo yetu, neno lile lile la Kiarabu lililosafiri njia mbili. Kama vile hasta ya Kihispania ilivyo hata yetu, na alcalde wao, yaani hakimu wa mji, alivyo kadhi wetu. Sancho, ambaye majina makubwa hayamkai ulimini, anamwita mwanahistoria huyo Cide Hamete Berenjena, na berenjena ni bilingani. Mzaha huu wa mwandishi Mwarabu una uchungu ndani yake, kwani kati ya mwaka 1609 na 1614 watu wa jamii ya mfasiri yule walifukuzwa Hispania. Katika juzuu ya pili Sancho anakutana na mmoja wao, Ricote, muuza duka wa kijijini kwake, aliyerudi kwa siri katika mavazi ya wahujaji Wajerumani. Ricote anasema kwamba popote walipo wanailia Hispania, kwa maana huko ndiko walikozaliwa. Wanakula pamoja chini ya miti, Sancho anakataa kumsaidia kufukua dhahabu aliyoifukia, lakini hamchongei. Wanakumbatiana wakaachana.

Wala usidhani kwamba kila ukurasa ni asali. Katika juzuu ya kwanza kuna hadithi ya mume anayemtuma rafiki yake amjaribu mkewe, sura tatu nzima, 33 hadi 35, na Don Quixote amelala muda karibu wote. Ipite. Cervantes mwenyewe katika juzuu ya pili anakiri kwamba wasomaji walilalamika.

Anaweza kukiri hivyo kwa sababu katika juzuu ya pili watu wa kitabu wamekwisha kukisikia kitabu. Wanaambiwa kwamba visa vyao vimechapwa, wanauliza wamesemwaje, na Sancho anaulizwa punda wake aliyeibwa alirudije bila msomaji kuelezwa. Mwaka 1614, Cervantes akiwa bado anaandika, mtu aliyejificha kwa jina la Avellaneda alichapisha juzuu ya pili ya uongo, na katika dibaji akamkejeli kwa uzee wake na mkono wake. Mwingine angekwenda mahakamani au angetukana. Cervantes alikiingiza kitabu hicho cha uongo ndani ya kitabu chake: Don Quixote anakisikia kikisomwa chumba cha pili katika nyumba ya wageni, anakasirika, na kwa kuwa kule wameandika kwamba alikwenda Zaragoza, anageuza farasi na kwenda Barcelona ili kuwaumbua. Baadaye anakutana na mhusika wa kitabu kile na kumtaka aape mbele ya alcalde kwamba hajapata kumwona kabla ya siku hiyo. Anayepigania ukweli wake kwa bidii namna hiyo ni mtu ambaye hajawahi kuwapo.

Mwishoni anashindwa, anarudi nyumbani, anashikwa na homa, na anaamka akili zimemrudia. Anasema yeye ni Alonso Quijano, si Don Quixote tena, na anaandika wasia ambamo mpwa wake atanyimwa urithi akiolewa na mtu anayevijua vitabu vya mashujaa. Sancho analia, anamsihi asife, anamwambia kwamba wazimu mkubwa kuliko wote ni mtu kujiachia afe bila kuuawa na yeyote ila huzuni, waamke waende porini. Sura hiyo ilinitoa machozi. Lakini mistari michache tu baada ya wasia, Cervantes anasema kwamba mpwa alikuwa akila, mtumishi wa nyumbani akinywa, na Sancho naye amechangamka, kwa sababu kurithi kidogo humpunguzia mrithi machungu. Wewe umesimamia matanga mangapi katika ukoo wetu, Mjomba? Umewahi kuona mwandishi aliyetazama msibani kwa jicho hilo bila kumchukia mtu hata mmoja?

Kitabu nakirudisha kwa basi la kesho asubuhi. Tikiti yako nimeihamisha kutoka sura ya nane na kuiweka ya 31. Ukishamfikia yule mvulana, nipigie simu kwanza, kabla hujaishika penseli.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi, mpwa wako.