Gumegume lenye kiraka

Springfield, Massachusetts

Baba Mwanaidi,

Salamu baada ya salamu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi, na baridi haina mjuzi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara zote mke wangu kacheka kuliko mimi. Ati mwenzenu kavuka bahari kwenda kununua gobori kwa dola, na Handeni magobori yanafukuzia nguruwe! Cheka tu. Ila kuna jambo nalitaka kwako, kwa hiyo nivumilie nikupe kisa chote.

Kwanza tusichanganye mambo. Gobori la mjomba wako ni la fataki, yaani kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Langu ni gumegume, la kizazi kilichotangulia hicho. Nyundo yake imeuma kipande cha jiwe. Ukifyatua, jiwe linakwangua kifuniko cha chuma, kifuniko kinafunuka, na cheche zinadondokea baruti iliyomo kwenye kisahani pembeni ya mtutu. Moto unapenya kwenye kitundu, ndipo bunduki inalia. Mara nyingine kisahani kinawaka na bunduki inanyamaza, umebaki na moshi machoni na adui mbele yako. Hapo umekwishamwaga baruti mdomoni mwa mtutu na kushindilia risasi kwa mdeki, huku umesimama wima uwanjani. Nikifikiria hivyo huwa nawahurumia waliozibeba.

Bunduki hizi zimetengenezwa mji huu huu ninaoishi. Serikali ya Marekani ilikuwa na karakana mbili kubwa za bunduki, moja hapa Springfield na ya pili Harpers Ferry, Virginia ya wakati ule. Ya hapa ilianza kuunda bunduki za jeshi mwaka 1795, kwa kuiga za Wafaransa, ikafungwa 1968. Sasa ni makumbusho, na kutoka kwangu naenda kwa basi. Nilikwenda mara ya kwanza kwa sababu ya mvua tu, kukwepa kulowa, nikakutana na mashine ya Thomas Blanchard, nikasahau hata kula. Wewe unanijua, mimi ni mtu wa tanuri na mashine ya kukereza. Kitako cha bunduki si duara, kina mgongo, kina tumbo, kimepinda, utakikereza vipi? Zamani fundi alichonga kwa mkono, siku ikaisha. Blanchard, mwaka 1819 hivi, akaweka kielelezo cha kitako kizunguke pamoja na gogo la mti. Gurudumu moja linapapasa kielelezo, na kila linapopanda au kushuka, gurudumu la kukata linalifuata vilevile kwenye gogo. Basi! Leo wenye kuchonga funguo mtaani wanatumia akili hiyo hiyo. Nilisimama pale hadi mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Baada ya hapo ndipo ugonjwa ukaniingia. Nataka moja ya kwangu, ya mfano wa 1816. Hizo ziliundwa zaidi ya laki sita, kwa hiyo hata kibarua anaweza kuota. Mtutu wa karibu sentimita 107, tundu lake la karibu milimita 17 na nusu, na uzito wa kilo nne na ushei. Sheria usiiogope: kwa sheria ya shirikisho, bunduki iliyoundwa mwaka 1898 au kabla ni kitu cha kale tu, ingawa kila jimbo nalo lina yake na nimeyasoma kabla sijatoa senti.

Nikaipata kwenye mnada wa vitu vya kale, mji wa jirani. Bamba la mtambo, hicho chuma cha ubavuni kinachoshika nyundo, lina tai, chini yake herufi US, na nyuma ya nyundo neno SPRINGFIELD na mwaka 1827. Nikaona 1827 nikalegea. Muuzaji, mzee wa heshima zake, akaniapia kwamba haijawahi kuguswa na fundi tangu itoke karakana. Nikalipa pesa ya likizo yote, ile ya kuja kwenu. Ndiyo maana hukuniona Desemba, sasa umejua.

Usiku nyumbani nikaiwekea taa ya pembeni, kama ninavyokagua chuma kazini. Ndipo moyo ukaanza kudunda vibaya. Kwenye bamba la mtambo, pale chemchemi ya kifuniko inapofungwa, kuna kiduara kidogo ambacho rangi ya chuma chake imekataa kufanana na jirani zake. Kisahani ni cha shaba nyeupe, kingo kali kama kimetoka dukani. Kitundu cha moto ni cha mviringo safi, na chuma cha mtutu pembeni yake kilaini, wakati kisahani kikiwaka mara mia chuma hicho kinatafunwa, kinakuwa kama uso wa aliyeugua ndui. Nikatumbukiza kitaa chembamba ndani ya mtutu. Juu, karibu na mwisho, kovu la duara limezibwa.

Maana yake ni hii. Miaka ya 1840 na 1850 jeshi lilihama kwenye jiwe likaenda kwenye fataki. Halikutupa bunduki zake, liliziweka viraka: wakang'oa kisahani, wakaziba matundu, wakatoboa mtutu juu na kufunga chuchu ya kuvalisha fataki, wakabadili nyundo. Bunduki nyingi za namna hiyo zilikwenda vitani tena 1861, Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe. Halafu miaka mingi baadaye akatokea mjanja, akagundua wanunuzi wanalipa zaidi wakiona jiwe, akang'oa chuchu, akaziba, akairudishia kisahani na nyundo mpya. Langu ni gumegume lililokuwa fataki lililokuwa gumegume.

Nilimrudia mzee yule. Akasema mali ikishatoka mlangoni haina mwenyewe mwingine. Nimemwachia Mungu, ingawa kwa hasira ya wiki mbili hivi.

Lakini nikwambie ukweli, kiraka cha jeshi nakiheshimu. Kiduara kile kwenye bamba kimefungwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi, ukipitisha ukucha haukwami. Cha mjanja ukucha unakwama. Mwezi uliopita alikuja kijana akataka kuinunua kwa bei nzuri. Nikamwonyesha makovu yote, moja moja, akashukuru akaondoka. Mke wangu hakunisemesha mpaka kesho yake.

Sasa haja yangu. Hapa Massachusetts kuna bandari iitwayo Salem, saa mbili kwa gari kutoka kwangu. Wafanyabiashara wa huko ndio waliotuletea merikani, na huyo Richard Waters aliyekuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja, 1837, alitoka huko. Walileta na baruti, walileta na bunduki, wakarudi na pembe, sandarusi na ngozi. Mkataba wao na Seyyid Said wa 1833 nimeusoma: bunduki, baruti na risasi, Unguja ziuzwe kwa serikali peke yake, ila bandari nyingine zote za Sultani ni ruhusa kumuuzia yeyote anayetoa bei ya juu. Bandari nyingine zote, Baba Mwanaidi! Hiyo ndiyo Pangani, hiyo ndiyo Tanga, na njia ya kupanda bara inapita nyuma ya shamba la mjomba wako.

Sisemi gobori lake limetoka Springfield. Huenda ni la Waingereza, huenda fundi wa hapo hapo kalifua. Nataka tu uende ukalitazame. Hakikisha kwanza halina kitu ndani: chomeka mdeki mpaka mwisho, uubane mdeki kwa vidole pale unapotokeza kwenye mdomo wa mtutu, uchomoe, uupime nje ubavuni mwa mtutu. Ukiishia mbali na chuchu, kuna risasi imelala, muite mwenyewe. Likiwa tupu, asubuhi jua likiwa chini, liinamishe jua lipige ubavuni, upige picha bamba la mtambo. Tafuta viduara vya rangi nyingine, na ukingo wa juu kama una pengo la nusu mwezi, pale kisahani kilipokaa.

Na mjomba, kwa jina la Mungu, asije akapitisha msasa ili lipendeze kwenye picha. Mwambie Fundi kaomba libaki na kutu yake. Nitamtumia jaketi.

Nduguyo,
Fundi