Pua Imerudi Ilivyokuwa? Hukuibiwa

Wiki iliyopita, saa mbili usiku, mteja wetu wa mwaka jana alinitumia ujumbe kwenye WhatsApp: "Daktari, mlinila pesa. Pua imerudi vile ilikuwa." Usingizi wangu ulikatika mara tatu usiku huo. Asubuhi nilifika kliniki hapa Milimani kabla ya mlinzi kufungua geti, nikatoa faili lake. Nilimdunga mililita 0.8 za jeli ya kuinua pua kwenye mwamba wake, miezi 14 iliyopita. Na kwenye fomu aliyotia sahihi imeandikwa wazi: hudumu kati ya miezi 6 na 18.

Nimeshasikia lalamiko hili Kisumu, nikalisikia kwa wateja wa Kakamega na Kericho, na najua halitaisha. Kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Fila tunayotumia, yaani kitu cha kujazia chini ya ngozi, ni jeli ya asidi ya hialuroniki. Mwili wako unayo asidi hiyo tayari, kwenye ngozi na kwenye maungio, na una njia yake ya kuivunja polepole. Ndiyo maana jeli huisha. Ndiyo maana pia, mambo yakiharibika, naweza kuiyeyusha saa hiyo hiyo kwa dawa iitwayo hialuronidesi. Uwezo huo wa kurudi nyuma ndio unaoulipia, dada yangu. Anayekuahidi kitu cha kudumu muulize atakitoaje. Mwaka 1899 Robert Gersuny, daktari wa upasuaji wa Vienna, alianza kudunga parafini mwilini, na miaka iliyofuata watu wakajazwa pua kwayo. Ilidumu kweli. Ikahama mahali pake, ikafanya mabonge magumu chini ya ngozi, na mabonge hayo hayakuwa na dawa ila kisu. Silikoni ya maji wanayodungwa watu vichochoroni siku hizi ina tabia hiyo hiyo.

Sasa bei. "Saluni fulani wanafanya kwa robo ya bei yenu." Najua, maana wateja wa saluni hizo huishia kwangu.

Jumamosi moja jioni alikuja binti kutoka upande wa Busia, kafunika uso kwa leso. Alikuwa amedungwa siku iliyotangulia, sebuleni kwa mtu. Jeli ilinunuliwa mtandaoni, ikasafiri kwa basi juani, na jeli nyingi huandikwa zihifadhiwe chini ya digrii 25. Ncha ya pua ilikuwa na rangi ya majivu, na kutoka hapo michirizi ya zambarau ilipanda kama wavu hadi katikati ya nyusi. Aliambiwa ni uvimbe, aweke barafu. Haukuwa uvimbe: mshipa wa damu ulikuwa umeziba na ngozi inakufa. Hatukujua alidungwa nini, kwa sababu boksi halikuwa na hata namba ya toleo. Tulidunga hialuronidesi, tukasubiri saa moja, tukadunga tena, na tena, hadi saa sita usiku. Kwa bahati ilikuwa jeli ya kuyeyuka. Leo ana kovu dogo, kama punje ya mtama. Alilipa mara tatu ya bei yangu ya kawaida, na sikumtoza muda wangu, dawa tu.

Mishipa ya pua imeungana na ile ya jicho. Jeli ikiingia ndani ya mshipa na kusukumwa kwa nguvu, inaweza kurudi hadi kwenye jicho na mtu akapofuka pale pale kitini, na kuurudisha uoni huo ni nadra sana. Basi msinishangae nikienda polepole. Naweka tone dogo katikati, chini kabisa karibu na mfupa, nasimama. Nabonyeza ncha ya pua kwa kidole gumba, naachia, natazama damu inavyorudi. Kwenye ngozi nyeusi weupe ule wa vitabuni, wa ngozi iliyokosa damu, hauonekani vizuri, ndiyo maana kiti chetu kiko dirishani na sidungi pua jioni ila kwa dharura. Kudunga ni dakika 10, lakini wewe hukaa kwetu saa moja na nusu. Bomba la sindano lenye jeli hufunguliwa mbele yako, stika yake inabandikwa kwenye faili. Na vile vichupa vya hialuronidesi kwenye friji huisha muda wake bila kutumika, navitupa, nanunua vingine. Viko ndani ya bei hiyo.

Nyuzi tunazopitisha chini ya ngozi kuinua pua nazo zina mambo yake. Ni polidioksanoni, uzi ule ule wa kushonea vidonda hospitalini, na mwili huumaliza kwa takriban miezi 6. Huinua ncha vizuri, lakini hialuronidesi haiuyeyushi. Kijana mmoja ncha ya uzi ilimchomoza puani, ndogo kama unywele wa ndevu. Badala ya kunipigia simu aliuvuta kwa kibano cha nyusi. Siku tatu baadaye pua ilitoa usaha, akameza antibiotiki wiki nzima, na nyuzi mbili nikazitoa. Angekuja siku ile ile, ningeukata kwa dakika tano bila malipo.

Na wanaotaka pua ndogo: jeli huongeza, haipunguzi. Nikiinua mwamba, pua huonekana nyembamba ukitazamwa mbele, basi. Mabawa mapana ni kazi ya daktari wa upasuaji, na nimewarudisha wengi nyumbani na pesa zao. Ukinishurutisha nijaze zaidi, jeli itatandaa pembeni na mwamba utapanuka.

Popote utakapokwenda, omba kuona leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na uulize hialuronidesi iko wapi. Wakuonyeshe kichupa chenyewe.

Yule mteja wangu alikuja Jumatano. Niliweka picha zake mbili kando kwa kando, ya kabla ya kazi na ya siku hiyo, akazitazama muda mrefu. Karibu theluthi ya jeli ilikuwa bado ipo. Mililita 0.4 zitamtosha safari hii, nusu ya mwanzo. Alitaka nimdunge hapo hapo kwa sababu harusi ya mdogo wake ni Jumapili. Nilikataa: uvimbe na michubuko vinaweza kuchukua wiki mbili. Hilo nalo limemuudhi kidogo, lakini amepanga kuja mwezi ujao.