Bati gumu si kinga, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Picha za magari yote mawili nimeziona. Nasikia mjomba wako anakushawishi uchukue lile kuukuu kwa kuwa bati lake gumu, siyo haya ya siku hizi yanayobonyea ukiyaegemea. Mjomba namheshimu, ila hapa nampinga.

Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, ikiadhimisha miaka 50, iligonganisha Chevrolet mbili uso kwa uso, kila moja ikienda kama kilomita 64 kwa saa. Moja ilikuwa Bel Air ya 1959, lidude la chuma hasa. Nyingine Malibu ya 2009. Malibu ilisagika pua yote, lakini pale anapokaa dereva pakabaki pazima. Angekuwa mtu badala ya lile sanamu la majaribio lililokaa kwenye kiti cha dereva, angeumia mguu tu. Bel Air ndiyo iliyokunjana hadi ndani, dashibodi na usukani vikamfuata dereva kitini. Huyo asingepona.

Nguvu ya kugongana lazima iishie mahali. Bati lisipoila, utaila wewe kwa mbavu zako. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, aliliona hilo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950: mbele na nyuma pakubali kukunjika, katikati walipo watu pagome.

Mkanda wa kupita begani na kiunoni ni kazi ya Nils Bohlin wa Volvo, mwaka 1959. Kabla ya hapo alikuwa Saab akibuni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege! Volvo wakawaachia wenzao nao wautumie. Si wote waliokuwa na moyo huo. Marekani ilibidi sheria ilazimishe mikanda kwenye magari mapya kuanzia 1968.

Breki za ABS, zile zinazozuia tairi zisigande ukifunga breki ghafla, zilikuja 1978 kwenye Mercedes kubwa. Ukizikanyaga kwa nguvu, pedali itatetemeka mguuni. Usishtuke, usiachie, wala usipampu kama tulivyofundishwa sisi. Kanyaga tu huku ukikata usukani.

Sasa hilo gari la pili, la mtumba kutoka Japani. Lina eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, ila eabegi hufanya kazi pamoja na mkanda. Usipojifunga, unaweza kuivaa kwa uso wakati inafumuka. Na vile vibati vya kuchomeka kwenye kufuli ya mkanda ili king'ora kisipige kelele, ukivikuta humo vitupe.

Kabla hujalipa, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya eabegi iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, shuku zaidi: huenda eabegi zilishafumuka na mtu kaichomoa taa usijue. Nenda na fundi wako mwenyewe, siyo wa muuzaji, kisha nirekodie video ya hiyo dashibodi uniletee WhatsApp.

Mama yako