Malalamiko kuhusu hati za kuuza chombo changu kilichosajiliwa Uingereza

Tudor, Mombasa
14 Oktoba 2024

Kwa Meneja,

KUH: HATI ZA MAUZO YA MASHUA NA KUREJESHEWA PESA

Bwana Meneja,

Nimefika ofisini kwenu mara nne tangu Agosti, na kila mara naambiwa faili yangu inashughulikiwa. Sasa mnunuzi ameshakwenda zake, kwa hivyo naandika.

Mwezi wa Mei niliwalipa shilingi 85,000 mnitayarishie hati za kuuza mashua yangu ya matanga, futi 31, ambayo iko Southampton. Mimi na mke wangu tuliishi huko miaka 19 kabla ya kurudi nyumbani, na sote tuna uraia wa nchi mbili. Siku ya kwanza nilimweleza karani wenu kwamba chombo kimo katika Sehemu ya Kwanza ya daftari la meli la Uingereza, ambalo ofisi yake iko Cardiff, wala si ile Sehemu ya Tatu ya vyombo vidogo. Nilirudia mara mbili, maana kazi yote imesimama hapo. Usajili wa Sehemu ya Tatu hauthibitishi mali ni ya nani. Wa Sehemu ya Kwanza unathibitisha, na rehani nayo huandikwa humo. Umiliki wa chombo huhesabiwa kwa hisa 64. Mimi nina 32 na mke wangu 32, na majina yetu yote yamo kwenye cheti nilichowakabidhi.

Mlichonipa Julai ni makubaliano ya kuuza gari. Ninayo hapa mezani. Penye "nambari ya chesisi" pamekatwa kwa kalamu, pakaandikwa nambari rasmi ya chombo, tena imekosewa tarakimu moja. Nambari hiyo imechongwa kwenye boriti ndani ya chombo. Nimeipapasa kwa vidole miaka mingi, siwezi kuisahau. Penye "logibuku" mmejaza "ipo". Chombo hakina logibuku. Hati ya mauziano ya chombo ina fomu yake, inayotaja ni hisa ngapi zinauzwa, inayomhakikishia mnunuzi kuhusu madeni, na yenye nafasi ya sahihi ya kila mwenye hisa na ya shahidi. Yenu ina nafasi ya muuzaji mmoja. Nilipouliza mke wangu atie wapi sahihi, karani alinijibu: "Mzee wangu, si ni mke wako tu?" Huyo ni mwenye nusu ya chombo. Yuko hapa hapa Tudor, na angefika kwenu kwa tuktuk siku hiyo hiyo kama mngemwita.

La rehani ndilo linaloniuma zaidi. Tulinunua kwa mkopo mwaka 2006, tukamaliza kulipa 2014, benki ikatupa barua ya shukrani. Barua hiyo niliwapa pamoja na hati yenyewe ya rehani. Lakini barua haifuti kitu kwenye daftari. Benki lazima itie sahihi ya kuiondoa rehani, kisha hati ipelekwe Cardiff. Hiyo ilikuwa kwenye orodha ya kazi mliyonitoza, na pia kuomba nakala ya daftari ili tujue chombo kimeandikwaje. Hamkuiomba. Mnunuzi aliiomba mwenyewe, maana mtu yeyote anaweza akilipa ada, akakuta mkopo niliomaliza miaka 10 iliyopita bado umeandikwa juu ya jina langu. Aliniuliza kwa upole kama nilikuwa nimemficha. Sijawahi kuulizwa swali kama hilo maishani mwangu, nami sikuwa na la kumwonyesha. Wiki ya pili alinunua mashua nyingine.

Gharama za maegesho kule naendelea kulipa kila mwezi. Cheti cha usajili hudumu miaka 5 na changu kinaisha Januari; baada ya hapo itanibidi kwanza kukihuisha ndipo nitafute mnunuzi mwingine.

Nataka pesa zangu zote 85,000, si sehemu yake, maana hakuna hata karatasi moja mliyoandaa ninayoweza kuitumia. Nawapa siku 14 kuanzia leo. Zikipita, nitamwachia wakili wangu.

Na nataka hati zangu halisi: cheti cha usajili, cheti cha aliyeiunda mashua, hati ya rehani, barua ya benki na stakabadhi ya kodi ya VAT ya 2006. Hiyo ya VAT haina nakala nyingine popote, na kila mnunuzi wa kule huiulizia kabla hata ya kukagua matanga. Wiki iliyopita niliambiwa iko kwa mesenja. Itafuteni leo. Msimpe mtu aniletee. Mnipigie simu, nitakuja kuichukua mwenyewe.

Wenu mwaminifu,
Mwenye chombo, kwa niaba yangu na ya mke wangu