Mabega yaliyokaza

Wakuu, habari za jioni. Jana nimeona watu watatu wanarusha mpira huku bega limepanda hadi sikioni. Hayo mabega yamekaza, na kuongeza mitupo hakutayalegeza.

Kabla ya mazoezi tusivute misuli ikiwa baridi. Kimbieni mizunguko miwili ya uwanja, kisha zungusheni mikono mbele na nyuma, duara ndogo hadi kubwa.

Kunyoosha kwenyewe ni baada ya mazoezi, mwili ukiwa bado wa moto. Mimi naliamini zaidi zoezi la mlangoni: egemeza kiganja na kiwiko kwenye fremu, kiwiko usawa wa bega, piga hatua moja mbele hadi usikie kifua kinavutika. Ukipinda mgongo unajidanganya. Sekunde 30, mara 3 kila upande. Halafu katisha mkono mbele ya kifua, uushike juu kidogo ya kiwiko na kuuvuta taratibu, bega likibaki chini.

Kuvutika ni sawa. Maumivu ya kuchoma au ganzi mkononi, acha hapo hapo uniambie, tumuone daktari. Wale wa kuchezea simu kitandani shingo imeinama, mnajijua.

Jumamosi saa 12 asubuhi. Njooni na maji.