Barua kwa mdogo wangu mjamzito: kabla hawajakwambia ni mawazo tu, uliza wingi wa damu

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unaamka umechoka kuliko ulivyolala, machozi yako karibu, moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa, na kila ukisema unajibiwa, "Mimba ndivyo ilivyo." Jibu hilo silikubali. Mimba inachosha, ni kweli, lakini uchovu wa namna hiyo lazima utafutiwe chanzo, na pa kuanzia ni kwenye kadi yako ya kliniki, pale panapoandikwa wingi wa damu.

Kwa mjamzito, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu wa damu. Katikati ya mimba kiwango hushushwa hadi 10.5, kwa kuwa maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu. Chini ya 7 ni hatari, usilale nyumbani. Kama pameachwa wazi, muombe nesi akupime. Ni tone moja tu la kidoleni.

Utaniuliza damu inahusiana nini na huzuni. Damu ikipungua, moyo hulazimika kupiga haraka ili oksijeni iwafikie wewe na mtoto. Ukiyasikia mapigo hayo usiku, nyumba imetulia, unaona kama kuna jambo baya linakuja. Hofu ikiingia, mapigo yanazidi. Halafu madini ya chuma hayatumiki kwenye damu peke yake: ubongo unayahitaji kutengeneza kemikali zinazoleta hamu na utulivu. Hata ile miguu uliyosema inatambaa kama ina sisimizi ndani, kiasi kwamba huwezi kutulia kitandani mpaka uinuke utembee, mara nyingi ni chuma kimepungua. Usingizi ukikatwakatwa hivyo wiki tatu mfululizo, nani asilie?

Na mambo huzunguka. Mwenye huzuni hana hamu ya kula, anasahau vidonge, anaahirisha kliniki, na damu inazidi kushuka.

Sasa vidonge. FEFO unayopewa kwa kawaida ina miligramu 60 za chuma halisi pamoja na asidi ya foliki. Mwenye upungufu huongezewa hadi 120 kwa siku mpaka damu irudi sawa, ila hilo waliamue kliniki, usijiongezee. Kinachoharibu kazi ni chai. Ukimeza kidonge asubuhi na chai ya rangi, chuma kingi hunaswa na chai hiyo na kupita tu tumboni. Meza kwa maji, na chungwa au maji ya limau, saa moja kabla ya chai au saa mbili baada yake. Kikikuchefua, meza usiku baada ya chakula; utapoteza kiasi, lakini ni afadhali kuliko kukitupa uvunguni. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Kikiwa kigumu, ongeza maji, papai na kutembea.

Udongo ule wa sokoni, pemba, uache. Najua hamu yake inavyosumbua. Hamu hiyo mara nyingi huendana na upungufu wa chuma, na udongo nao unazuia chuma kufyonzwa. Kula dagaa, maharage, na matembele yaliyokamuliwa limau. Maini yasiwe ya kila siku, maana yamejaa vitamini A, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, hasa miezi 3 ya mwanzo.

Baada ya wiki 4 pima tena. Namba inatakiwa iwe imepanda kwa gramu 1 au zaidi. Isipopanda na vidonge umemeza sawasawa, waombe waangalie malaria, minyoo na selimundu.

Ila usiishie kwenye damu, na hapa ndipo wengi hukosea. Jiulize maswali mawili: mwezi huu mara nyingi nimekuwa na huzuni au kukata tamaa? Yale niliyokuwa nayafurahia bado yananifurahisha? Upungufu wa damu utakunyima nguvu ya kwenda kwa shoga yako; sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha, itakunyima hata hamu ya kumuona. Hali ikikaa wiki 2 au zaidi, mwambie nesi kwa maneno hayo hayo, hata kama damu ni 12. Sonona ya mimba inatibika kwa ushauri nasaha, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kumpa mjamzito. Ikitokea umewaza kujidhuru, au kwamba ni heri usingekuwepo, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie shemeji saa hiyo hiyo, mwende hospitali, na usiachwe peke yako.

Kama hujakatazwa kwa sababu ya damu kutoka au presha, tembea dakika 30 jioni, siku 5 kwa wiki, kasi ya kukuwezesha kuongea. Kizunguzungu kikija, kaa chini.

Alhamisi ukienda kliniki, nenda na shemeji. Akushikie kadi, aione ile namba kwa macho yake, na aulize yeye mwenyewe vidonge vinamezwa saa ngapi, kwa sababu chai ya asubuhi hapo kwenu anachemsha yeye.

Dada yako