Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutafuta Maji Yetu ya Rochi na Pechi

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wazee, kina mama na vijana, mliofika ukumbini na mtakaoisoma taarifa hii majumbani. Mwaka huu kamati ilikuwa na kazi kubwa moja: kutafuta maji yaliyotulia, ya karibu, ambako mwanachama atavua rochi na pechi wazuri bila kulipa kiingilio kila anapotoka. Nyinyi wenyewe ndio mliotutuma katika mkutano uliopita, kwa hiyo nitalieleza jambo hili kwa kirefu na mengine nitayapitia haraka.

Kwa wanachama wapya: rochi ni yule wa magamba ya fedha, mwenye macho na mapezi mekundu. Pechi ana miiba mgongoni, mistari myeusi ubavuni na mapezi ya chini yenye rangi ya chungwa. Msimpime kwa kipimo cha sangara wa Ziwa Viktoria. Hapa Uingereza pechi wa ratili tatu ni samaki wa kupigiwa simu, na rochi wa ratili mbili kuna wavuvi wanaomaliza maisha bila kumpata.

Shida yetu inajulikana. Mabwawa mengi ya kulipia kwa siku yamejazwa karpi, kwa kuwa karpi ni mkubwa, anavuta kwa nguvu na anawarudisha wateja. Lakini karpi wakizidi huchimbua matope, maji yakachafuka, mimea ikafa na chakula kikaliwa chote. Rochi anabaki saizi ya kidole. Pechi ni habari nyingine, na ni haki niseme hivyo: katika mabwawa hayohayo anaweza kunenepa sana kwa kula watoto wa karpi. Anayetaka pechi peke yake wakati wa baridi asiyadharau. Avue pembeni, karibu na matete au chini ya matawi yaliyoinamia maji, akitumia nyungunyungu mkubwa au kipande cha kamba wa baharini.

Tulianza kutafuta kwa ramani. Ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, huonyesha hata dimbwi dogo nyuma ya zizi, na picha za satelaiti huonyesha kama bado lina maji au limezibwa na miti. Baada ya hapo ni miguu na adabu. Tulikwenda bila vifaa vya uvuvi, tukapiga hodi kwa wenye mashamba, tukaomba kuyaangalia maji tu. Nasisitiza hili kwa sababu mwenye shamba akiona fimbo ya kuvulia mkononi anafunga mlango mapema, ila akiulizwa historia ya lambo lake atakusimulia mpaka chai ipoe.

Tuliyoyaona ni ya aina tatu. Kuna machimbo ya zamani ya kokoto, kama yale ya Cotswold Water Park. Maji yake ni maangavu na rochi wake wanaweza kuwa wakubwa, lakini ni wagumu, wanakula zaidi giza likiingia, na vyama vingi vinavyoyamiliki vina orodha ndefu ya wanaongojea. Kuna mabwawa makubwa yaliyojengwa kulisha mifereji, kama yale ya Tring. Katika bwawa la Wilstone, mwaka 2012, alivuliwa pechi wa ratili 6 na wakia 3, akaifikia rekodi ya Uingereza. Ni mahali pa kwenda kwa heshima na subira, lakini siyo pa kumpeleka mtoto siku yake ya kwanza. Aina ya tatu, ambayo moyo wa kamati umeiangukia, ni malambo ya mashamba na maziwa ya zamani ya majumba makubwa: ukuta wa udongo upande mmoja, kina kirefu karibu na ukuta, matete upande wa pili.

Maji mazuri tuliyatambua namna gani? Kwanza, kwa kukaa kimya jioni. Rochi hupanda juu jua likizama, wakageuka na kuacha viduara majini. Pechi hujulikana pale visamaki vidogo vinaporuka kwa mkupuo mmoja kandokando ya matete. Pili, kina: tulipima kwa chubwi, tukitafuta walau mita mbili na nusu ambako samaki watajificha barafu ikitanda. Tatu, paiki, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake. Wengine wanamwogopa, lakini bila mlaji rochi huzaana kupita chakula kilichopo, wote wakadumaa. Nne, minandi. Ndege hawa siku hizi huja kwa wingi bara wakati wa baridi, na lambo dogo lisilo na mimea wala miti iliyozama wanaweza kulikomba lote.

Nawaomba pia tusiyahukumu maji kwa mwaka mmoja. Pechi hupanda na kushuka. Kule Windermere ugonjwa wa mwaka 1976 uliua karibu pechi wakubwa wote ziwani, na pechi wapo hadi leo.

Kuna mwanachama aliyependekeza tuchukue rochi bwawa moja tuwapande lingine. Nia ni njema, ila sheria inataka kibali cha Environment Agency, yaani mamlaka ya serikali ya mazingira, na sababu ni ya msingi: magonjwa husafiri na samaki. Vilevile kila mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea lazima awe na leseni ya kuvua kwa fimbo, hata bwawa likiwa la mtu binafsi. Ya wenye miaka 13 hadi 16 ni bure, wazazi waiombe mapema. Mito hufungwa kuanzia Machi 15 hadi Juni 14, na hapo ndipo maji yaliyotulia yanapotufaa zaidi, maana mengi hayafungwi.

Kuhusu kurudisha samaki, najua wengi wetu tumelelewa tukijua samaki ni kitoweo, na sioni aibu yoyote katika hilo. Lakini rochi mkubwa wa lambo dogo amekua kwa miaka mingi, na wenzake ni wachache. Tuloweshe mikono kabla ya kumshika, tutumie ndoana zisizo na kile kijino cha nyuma kinachozuia ndoana isichomoke, na kwa pechi tuvute mapema kwa sababu humeza chambo upesi.

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina.

Lambo ambalo kamati inalipendekeza lina sifa zote nilizozitaja, paiki akiwemo. Mwenye shamba anataka kodi ya mwaka ilipwe mara moja, mageti yafungwe, moto usiwashwe, na wavuvi wasizidi sita kwa wakati mmoja. Kamati imeyakubali masharti hayo, lakini haitatia saini bila nyinyi. Tukikodi, ruzuku ya viingilio vya mabwawa ya biashara itasimama mwaka ujao. Katibu atagawa karatasi za kura baada ya taarifa ya fedha. Walio mbali wampelekee kura zao kabla ya mwisho wa mwezi.